Mama wa Ng'ambo na Jiko la Gesi

Nina duka la vifaa vya ujenzi Makambako, upande wa barabara ya kwenda Njombe, na kwa miaka mingi niliamini kwamba hakuna tatizo duniani lisilokwisha kwa mifuko michache ya saruji. Ukuta ukipasuka, saruji. Maji yakituama uani, saruji. Mama akizeeka peke yake kijijini, saruji pia, na bati jipya juu, na tailizi chini. Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani anayekusimulia. Mke wangu ana neno lake moja la kunieleza, lakini si neno la kuandikwa.

Mama anaishi Kichiwa, katika nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi. Baba alifariki zamani. Sisi watoto tulitawanyika, na mimi ndiye niliyebaki karibu: gari la Njombe, kushuka njiani, kisha bodaboda hadi mlangoni. Kuwa karibu kulinipa kiburi. Ndugu zangu wakipiga simu kutoka Dar es Salaam kuuliza hali ya mama, niliwajibu kwa sauti ya mkuu wa wilaya anayetoa taarifa ya mvua.

Mbele ya nyumba ya mama ardhi inateremka hadi kwenye kijito, halafu inapanda tena, na juu ya mwinuko huo wa pili ipo nyumba ya rafiki yake. Sisi watoto tulimwita mama wa ng'ambo. Waliolewa mwaka mmoja, wakazaa kwa kupokezana, wakafiwa na waume zao mmoja baada ya mwingine. Tangu wakiwa mabinti wana desturi yao, na kwetu huku wazee wengi wanayo. Asubuhi, kabla ya kushika kazi yoyote, unatoka nje unatazama paa la jiko la mwenzako. Ukiuona moshi unapenya, basi kaamka mzima. Jua likipanda na moshi hakuna, unachukua fimbo yako unakwenda kumwona. Siku za ukungu wa mwezi wa sita na wa saba, ambapo huoni hata ng'ombe wako mwenyewe, wanaitana kwa sauti kuvuka bonde hadi mmoja aitike.

Mwaka mmoja mama aliamka na kichomi, akashindwa kuinuka kitandani. Mama wa ng'ambo alikuwa amefika kabla hajakunywa hata uji wake. Mimi nilipopata habari, mama alikuwa ameshapelekwa zahanati na kurudi. Nilisimuliwa habari hiyo, nikacheka, nikasema hawa vikongwe wana mambo. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikuijua desturi yao. Niliijua tangu nikiwa mtoto.

Yaliyofuata yalianza na moto. Siku moja mama alikuwa akipika kwenye mafiga, pindo la kitenge likashika moto. Aliuzima kwa maji ya kuoshea vyombo, lakini mguu uliungua, kidonda cha ukubwa wa kiganja. Nilipofika nilikuta amekipaka dawa ya meno. Nikawaka kuliko kile kitenge. Nilimgombeza mama yangu mzazi kama mtu anayemgombeza kibarua aliyechanganya zege vibaya, na yeye akakaa kwenye kigoda ananisikiliza, akingoja nimalize ili anipe chai.

Wiki hiyohiyo nilileta mafundi. Jiko la nje tulilibomoa kwa asubuhi moja. Lilikuwa limejaa masizi, hata nyundo haikuhitajika sana. Tukajenga jiko ndani ya nyumba, na mtungi wa gesi, na sinki lenye bomba, na tailizi nyeupe sakafuni, zile zinazong'aa, kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo nyingi dukani. Wezi wa parachichi walikuwa wamezidi, kwa hiyo nikazungusha ukuta na kuweka geti la chuma, kofuli kwa ndani. Nikamnunulia simu ya kitochi yenye tarakimu kubwa. Mama alizunguka akigusa kila kitu, akasema, "Haya. Wewe ndiye unayejua." Niliyachukua maneno hayo kuwa ni sifa.

Asubuhi ya kwanza ya jiko la gesi nilikuwa hapohapo, nasimamia fundi rangi. Tukasikia geti linagongwa kwa fimbo. Alikuwa mama wa ng'ambo, anahema, sketi imelowa umande hadi magotini.

"Moshi sijauona," alisema.

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Akamwonyesha mtungi, akawasha na kuzima, akawasha na kuzima, wakanywa chai ya gesi, wakaulizana kama ina harufu. Siku ya pili akaja tena. Anajua kuna gesi, alisema, lakini macho yake yamezoea kutafuta moshi, na asipouona hawezi kutulia. Siku ya tatu akaja. Kila akija wanakaa hadi saa nne, na maganda ya njegere yanabaki juu ya tailizi zangu. Mimi nilikuwa na haraka ya kumaliza kazi nirudi dukani, na geti likigongwa saa moja asubuhi lilinikera. Ukweli wote ndio huo. Nilikereka tu.

Siku ya nne nilimsindikiza. Tulipofika getini nikamwambia, "Mama, usijitese kupanda huku kila siku. Mambo ya moshi yamekwisha. Mama sasa yuko salama, ana simu, ana geti. Muache apumzike. Kukiwa na haja nitakupigia mwenyewe."

Aliangalia geti, akaangalia fimbo yake.

"Umesema wewe?" aliniuliza.

"Nimesema mimi, mama."

Nikaingia ndani nikachukua kilo ya sukari kwenye vitu nilivyomletea mama, nikampa. Nilidhani namwonyesha heshima. Leo nikikumbuka nilivyompa, najua nilikuwa namlipa mwajiriwa siku ya kumwachisha kazi. Akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama desturi yetu ilivyo, akateremka bondeni polepole. Mama yangu nikamwambia kwamba rafiki yake anasumbuliwa na magoti.

Miezi ikapita. Mama wa ng'ambo alikuwa akimwona mama kanisani Jumapili na kwenye jumuiya ya wanawake Ijumaa mchana. Asubuhi hakuja tena. Mama alilalamika mara moja kwenye simu kwamba siku zimekuwa ndefu. Nilimwambia asikilize redio.

Alianguka Alhamisi asubuhi. Alikuwa amepiga deki, sakafu bado ina maji, akakanyaga na ndala zilizokwisha. Nyonga ikavunjika. Simu ilikuwa chumbani kwenye chaji. Alipiga kelele hadi sauti ikakauka, lakini ukuta niliujenga kwa tofali za inchi sita, na ninazijua kazi zangu. Jioni nilimpigia, hakupokea. Nikasema chaji imekwisha, maana chaji yake ilikuwa ikiisha kila mara, nikaendelea na hesabu za duka. Ijumaa asubuhi sikumpigia, kulikuwa na gari la mabati linashusha. Mama alikuwa juu ya tailizi zangu, kwenye baridi ile ya kwetu, bila maji, na bomba likiwa hatua tatu kutoka alipolala.

Wanawake wa jumuiya ndio waliomkuta. Ijumaa mchana kiti chake kilikuwa kitupu, wakaja. Walipenyeza mkono kwenye tundu la geti, wakavunja kofuli kwa jiwe. Aliyetangulia kuingia alikuwa mama wa ng'ambo, na mama, anavyonisimulia mwenyewe, alimtazama akamwambia, "Hata wewe?" Kisha akafumba macho. Mama wa ng'ambo akasema mbele ya wote, "Nilizembea, dada. Nisamehe." Wakamfunga kwenye blanketi, wakatafuta gari.

Nilimkuta hospitalini Njombe, mguu umefungwa, midomo imepasuka. Nilidhani atalia kwa maumivu. Alilia kwa jambo jingine.

"Siku mbili," aliniambia. "Hakunitazama. Tumezeeka pamoja, na ameniacha sakafuni siku mbili. Nimemkosea nini?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa machache tu na niliyajua yote. Mama alikuwa amenishika mkono. Nami nikasema, "Watu wamebadilika, mama. Siku hizi kila mtu na lake."

Nimefanya makosa mengi maishani, na mengine sikuyajutia hata siku moja. Lakini sentensi hiyo nikiikumbuka nikiwa naendesha, nasimamisha gari.

Baada ya upasuaji nikamleta Makambako kwangu. Tulimpa chumba cha nyuma, kile kinachopata jua. Mke wangu alimhudumia vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Mke wa jirani yetu Mwislamu, mwenye malori, alikuwa akija kumwona na kumletea maandazi, wakakaa wakitazamana kwa upole mpaka mmoja asinzie. Malori yanapita barabarani usiku na mchana. Mama akawa mtu wa kuketi. Alikula alichopewa, alivaa alichovalishwa, akiulizwa anataka nini anasema hapana shida. Ndugu zangu wakanisifu kwenye simu. Nikawaacha wanisifu.

Kila baada ya wiki mbili hivi dereva mmoja wa gari la Njombe alikuwa akinishushia mfuko mdogo kutoka Kichiwa: njegere, viazi, mara nyingine mahindi mabichi. Mama aliujua mfuko ule kwa fundo lake tu. "Wapeni watu," anasema. Tukawapa watu. Mara moja nilipeleka fungu mimi mwenyewe kwa mke wa jirani, akanishukuru sana, akamwombea dua aliyelima.

Kisha siku moja alikuja mwenyewe. Mama wa ng'ambo, ambaye sidhani kama alikuwa amepanda gari tangu msiba wa kaka yake, alishuka mbele ya duka langu na fimbo yake na kuku ndani ya kikapu. Nilimpeleka nyuma. Mama alipomwona aligeuza uso ukutani. Yule mzee akasimama mlangoni, akamsalimu mara tatu, akaweka kikapu chini, akatoka.

Nilimkalisha dukani, kwenye benchi la wateja, nikampa soda. Nikainama, nikamuuliza kwa sauti ya chini ili msaidizi wangu wa dukani asisikie: "Mama, kwa nini hukumwambia kwamba mimi ndiye niliyekukataza?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

"Nikishamwambia, atakula kwa nani?" alisema. "Aje ale kwangu? Mimi mwenyewe nakula kwa wanangu. Wewe ndiye unayemlisha. Mtu akikosana na anayemlisha, mwanangu, chakula hakipiti."

Akanywa soda yake yote, akanirudishia chupa, akauliza gari la kurudi linapita saa ngapi. Nilimlipia nauli. Sikujua kitu kingine cha kufanya zaidi ya kulipa.

Unaweza kudhani kwamba nilienda moja kwa moja nyuma kukiri. Sikuenda. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu huyo nilimlea wiki sita nzima. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi mteja aliingia. Nilijifariji kwamba daktari ametukataza kumpa mama mshtuko. Daktari hakusema neno kama hilo. Alisema atembee.

Na akaanza kutembea, kwa fremu ya chuma ya kutembelea, kutoka mlangoni hadi kwenye kamba ya nguo na kurudi. Siku hiyo nilifurahi kweli. Nilimwambia mwezi ujao akiwa na nguvu tutajadili habari ya kurudi Kichiwa, nitaweka vyuma vya kushikilia ukutani, nitang'oa zile tailizi. Alikuwa ameketi juani anachambua mawe kwenye maharage, ungo mapajani.

"Usihangaike," alisema. "Tafuta mpangaji. Mwalimu, au nesi. Nyumba nzuri vile isikae tupu."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nikae hapa hadi mnizike. Nirudi kwa nani? Kwangu kule ni yule wa ng'ambo. Nilikuwa nikitoka nje asubuhi, natoka kumtazama yeye."

Alisema bila kulia, mkono wake ukiendelea na maharage. Nami nakiri, kwa nusu dakika nilihisi nafuu. Mpangaji. Mama karibu nami, hakuna safari, hakuna simu ya kuhofia. Uongo wangu ulikuwa umeninunulia kila kitu nilichotaka. Nilipoiona ile nafuu moyoni mwangu nilijiogopa, na nadhani ndiyo iliyonifungua mdomo, wala si wema.

"Mama," nilisema, "mimi ndiye niliyemwambia asije."

Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Ulimwambia nini? Sema maneno yenyewe."

Nikayasema. Usijitese. Mambo ya moshi yamekwisha. Muache apumzike. Nikasema na habari ya magoti, kwamba niliitunga. Nikasema na habari ya sukari.

"Kilo ngapi?"

"Moja."

Akatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayeambiwa bei. Mke wangu alikuwa amesimama na beseni la nguo, hasogei. Mama akachambua jiwe jingine, akalitupa, ndipo akauliza swali nililokuwa nimelikimbia miezi yote ile.

"Pale hospitali, nilipokuwa namlilia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

Alimpa mke wangu ungo, akaniambia nimpigie simu ng'ambo. Mjukuu wa yule mzee alipokea, akakimbia nayo. Niliwaacha. Nilirudi dukani nikamuuzia mtu misumari ya bati badala ya misumari ya mbao, na aliporudi kugomba nikamwomba radhi kwa unyenyekevu hadi akaona haya mwenyewe. Simu ile ilichukua muda mrefu. Kutoka dukani nilisikia mama akilia, na baadaye nikamsikia akicheka, kicheko chake chenyewe, ambacho sikuwa nimekisikia tangu aondoke kwake.

Wiki iliyofuata alirudi Kichiwa. Hakunishauri, alimwambia mke wangu afunge mizigo. Nilifanya niliyoyasema: tailizi nikang'oa, vyuma nikaweka, mlango wa jiko nikaupanua fremu ipite. Mengine waliyapanga wenyewe. Wanawake wa jumuiya wamegawana siku, na asubuhi mama wa ng'ambo anapanda kuja, au akiwa hajisikii vizuri anamtuma mtu, nao wanakaa hadi jua linapokuwa kali. Geti linashinda wazi. Parachichi zinaibiwa, na hakuna anayejali.

Mama wa ng'ambo alinisamehe. Nilipomwendea kwake na kupiga magoti aliniinua kwa kwapa, akanipa viazi vya kuchemsha, akaniuliza habari za watoto. Mama naye hajanifukuza wala hajanisema kwa ndugu zangu. Ninakwenda kila Jumapili baada ya ibada.

Lakini kuna jambo moja sikuwaambia hata ndugu zangu. Sisi kwetu, ndani ya nyumba, tunaongea Kibena. Maneno yote ya mama niliyoyaandika hadi hapa aliyasema kwa Kibena, mimi nimeyageuza. Kiswahili anakijua, kile cha zahanati na cha sokoni, anakitumia kwa bwana shamba, kwa nesi, kwa mtu wa sensa. Kwetu sisi wanawe, tangu tuzaliwe, hajawahi.

Jumapili ninapofika naanza mimi. "Kamwene, mama," namwambia, salamu yetu, ile anayosalimiwa mtu wa kwenu, na jibu lake ni neno hilohilo. Mama wa ng'ambo, aliyekaa pembeni yake, ndiye anayeniitikia. Mama ananitazama kwa upole, ananisogezea kiti.

"Karibu," anasema. "Habari za Makambako?"

"Nzuri, mama," namjibu, kwa Kiswahili, kisha nakaa.